SOMO LA MWEZI: NJAA YA MCHANA NA NJAA YA KUUA



Mwezi huu tujifunze neno moja ambalo watoto wetu hulileta nyumbani kutoka shuleni: 'starvation'. Tukiulizwa maana yake tunajibu haraka, "Ni njaa." Lakini hata mtu akitoka kuchuma majani saa saba mchana husema ana njaa. Je, njaa hizo mbili ni moja?

Asili ya neno

Neno hili limetoka kwa 'starve'. Zamani sana Waingereza walipolitumia, halikuwa na habari ya chakula. Maana yake ilikuwa kufa tu, iwe kwa ugonjwa au kwa upanga. Wajerumani, ambao lugha yao ina undugu na Kiingereza, hadi leo husema 'sterben', yaani kufa. Karne zilivyopita, Waingereza wakalipunguza neno lao likawa ni kufa kwa kukosa chakula.

Liko na neno lingine, 'famine'. Hilo lilitoka kwa Kilatini 'fames', yaani njaa, likapitia kwa Wafaransa. Hiyo ni njaa iliyoshika nchi nzima, baa la njaa. Wazee wetu Wakipsigis huiita rubet.

Basi mnaona? Ndani ya 'starvation' mauti imo tangu mwanzo. Mwili usiolishwa hula mafuta yake wenyewe, kisha hula misuli. Mtoto hukonda sana, au huvimba miguu na uso. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Njaa na pesa mkononi

Wakamba huzipa njaa kubwa majina. Moja ya miaka ya 1980 waliiita 'Nikw'a ngwete', yaani "nakufa huku nimeshika". Pesa ilikuwa mkononi, lakini chakula cha kununua hakuna. Sisi wa nchi ya majani chai tulisikie vizuri jina hilo. Mvua tunayo, bonasi huja, lakini majani chai hayasongwi ugali.

Mwaka wa 2011 tulionyeshwa. Ugonjwa wa mahindi ambao haukuwa umejulikana Kenya ulitambuliwa mara ya kwanza kwa jirani zetu wa Longisa, hapa hapa Bomet. Majani yaligeuka manjano, mihindi ikakauka kabla ya wakati, na magunzi yakabaki na punje chache au bila kitu. Ugonjwa huo huja virusi vya aina mbili vikikutana katika mmea mmoja. Husambazwa na wadudu wadogo, tena hupitia kwa mbegu. Shamba la mahindi juu ya mahindi, msimu baada ya msimu, huupa nafasi ya kukaa.

Kikundi kifanye nini?

1. Tubadilishe mimea. Baada ya mahindi tupande maharage, viazi au mboga. Wimbi na mtama ni ndugu wa mahindi na vinaweza kuficha ugonjwa huo, kwa hivyo tusivitumie kusafisha shamba lililougua.

2. Mmea wenye dalili ung'olewe mapema. Tusichukue mbegu kutoka shamba lililougua; tununue iliyothibitishwa.

3. Bonasi ikilipwa, chakula kwanza. Tununue mahindi baada ya mavuno, bei ikiwa chini. Yakaushwe vizuri ndipo yawekwe, maana mahindi yenye unyevu huota ukungu wenye sumu.

4. Kila mwanachama alete gorogoro moja kwa mkutano. Ghala la kikundi halijengwi siku ya shida.

Jambo la mwisho. Mwenye njaa ya mchana huisema wazi na kucheka. Mwenye ile nyingine hunyamaza, kwa sababu ya aibu. Mama akikosa mikutano miwili, au moshi usipoonekana kwake jioni, tusingoje aseme. Twende tumwone, na tusiende mikono mitupu.

Maswali ya kujadiliana

– Nyumbani kwako chakula kinaweza kutosha miezi mingapi bila kununua?
– Mwaka jana bonasi ilinunua nini kwanza?
– Ni nyumba gani karibu nasi ambayo imenyamaza?