Ruzuku ya Mbolea na Sisi Tulao Sembe

Sisi tukaao Kinondoni na Temeke hatulimi mahindi mengi, twayanunua. Malori huyaleta Manzese na Tandale kutoka Rukwa, Ruvuma, Mbeya na Iringa, yakakobolewa na kusagwa, nasi twala. Kwa hiyo wengi hudhani ya kuwa habari ya ruzuku ya mkulima haituhusu.

Ruzuku ni fedha za serikali zitolewazo ili kitu kiuzwe kwa bei iliyo chini ya gharama yake. Zamani fedha hizo zilitufikia sisi walaji wa mjini, maana sembe ya NMC iliuzwa kwa bei nafuu, na serikali ikabeba tofauti. Mwaka 1984 msaada huo uliondolewa, bei ikapanda sana, na wazee wa mitaa yetu hawajasahau. Ajabu ni hii, sembe rahisi tuliiona kuwa haki yetu, walakini mbolea rahisi ya mkulima twaiita zawadi.

Tangu msimu wa 2008/09 hata 2013/14 serikali, kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia, iligawa vocha za pembejeo. Mwenye shamba dogo la mahindi alipewa vocha tatu za kutosha ekari moja: ya mbolea ya kupandia, ya mbolea ya kukuzia, na ya mbegu bora. Kila vocha ililipa kadiri ya nusu ya bei. Nusu nyingine mkulima alitoa mwenyewe kwa wakala. Majina yalichaguliwa na kamati ya kijiji, na wajane na wanawake wanaotunza nyumba peke yao walipaswa kutangulizwa.

Twaomba wainjilisti na wazee waiangalie sana ile nusu ya pili. Mama mmoja tumjuaye, aliyehamia kwetu Temeke kutoka kusini, alitusimulia yaliyompata. Alipewa vocha zake, lakini hakuwa na nusu. Akaja mtu akamwambia, ‘Mama, tia kidole hapa, nikupe fedha kidogo za chumvi.’ Akatia. Katika daftari iliandikwa kwamba amepokea mbolea. Shambani haikufika hata punje. Hakuwa mwizi, naye aliona haya kutusimulia. Lakini msaada uliowekwa kwa ajili ya maskini ulimpita kwa sababu alikuwa maskini, na mambo ya namna hii yalitokea vijiji vingi.

Mwaka 2022 bei ya mbolea ilikuwa imepanda duniani pote, na vita vya Urusi na Ukraini vikaizidisha. Tarehe 8 Agosti, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Mbeya mpango mpya. Mkulima aliandikishwa pamoja na ukubwa wa shamba lake, akapewa nambari, na mfuko wa kilo 50 wa urea ukauzwa kwa shilingi 70,000. Vocha ya karatasi haikuwapo tena. Lakini jina la uongo laweza kuandikwa hata penye nambari. Kijana wa Kinondoni asiyeshika jembe, akiandikisha ekari kumi asizolima ili mifuko iuzwe njiani, amekula kodi ya mama auzaye vitumbua mlangoni pake.

Tena fedha ya mfuko hutakiwa taslimu. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba au Desemba. Mbolea ya kupandia huingia pamoja na mbegu, na ya kukuzia hutiwa mahindi yakifika magotini. Ikichelewa, yamekwisha kuwa manjano. Nasi tuna desturi ya kuwapelekea wazazi fedha wakati wa Krismasi, za nguo na nyama. Mwenye mzazi alimaye Songea au Mbozi na apeleke fedha ya mfuko mmoja mwezi wa Oktoba, akamwulize kwa simu kama jina lake limo katika daftari ya kijiji, na ni ekari ngapi zilizoandikwa.