Kiko cha mti: toboa kwanza, chonga baadaye

Mtu akitaka kutengeneza kiko cha mti nyumbani, mara nyingi huanza na kisu. Huchonga umbo, hulilainisha mpaka ling'ae, ndipo anapotafuta drili ya kutobolea. Kila anayeniuliza namshauri afanye kinyume: matundu yatangulie, umbo lifuate. Kiko ni njia ya hewa iliyozungukwa na mti. Njia ikinyooka, hata kiko chenye sura ya kawaida huvutika vizuri. Ikipinda, hakuna nakshi itakayokiokoa.

Ninaishi Arusha, mji ambao viko vyake viliuzwa mpaka ng'ambo. Kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ilitengeneza hapa viko vya chapa ya Kiko, vyenye alama ya tembo, kwa sepioliti, jiwe jeupe na jepesi linalopatikana bonde la Amboseli. Jiwe hilo haliungui, tena hufyonza unyevu wa moshi. Mti huungua. Kwa hiyo kazi nzima ya kutengeneza kiko cha mti ni kuupangia moto mipaka yake: ule tumbaku, usiule mti.

Nitataja sehemu tatu mara kwa mara. Bori ni kichwa kinachobeba tumbaku. Digali ni shingo inayotoka kwenye bori. Shilamu ni kipande kinachoingia mdomoni.

Kuchagua mti

Mafundi wa Ulaya, wakiwemo wale wa mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa, hutumia kifundo kinachoota penye mizizi ya Erica arborea, kichaka cha nchi za Mediterania. Kifundo huchemshwa kwa saa nyingi kitoke utomvu, kisha hukaushwa polepole kwa miezi. Nyuzi zake zimesukana kila upande, ndiyo maana hustahimili joto bila kupasuka ovyo. Mmea huohuo huota pia kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki, lakini sehemu kubwa ya maeneo hayo ni hifadhi, na humo haukatwi.

Mimi natumia mzeituni mwitu, au loliondo, mti wa jamaa hiyohiyo ambao wauza mbao wanaufahamu vizuri. Ni miti migumu, mizito, isiyo na harufu kali. Sikati mti kwa ajili ya kiko. Kwa fundi seremala hubaki vipande vinavyoishia jikoni kama kuni, na kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha.

Mpingo unavutia kwa weusi wake, lakini kwa bori haunifai: hupata joto sana mkononi na ni mwepesi kupasuka. Vipande vyake ninaviweka kwa ajili ya pete ya urembo kwenye digali. Paini ni laini na ina utomvu unaonuka ukipata moto. Kuna vitu ambavyo havifai kabisa, na hapa nasisitiza: mbao iliyotiwa dawa ya mchwa, plaiwudi na mbao zozote za gundi, mbao iliyopakwa rangi, pamoja na oleanda, lile ua la bustanini ambalo ni sumu kuanzia jani mpaka mti wake. Ukivuta kwenye vitu hivyo unavuta sumu. Kama huujui mti wako kwa jina, uache.

Mti uwe mkavu kweli. Paka nta kwenye ncha mbili za kipande ili maji yasitoke kwa haraka na kuleta nyufa, kiweke kivulini penye hewa, na ukipime kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, kiko tayari.

Kutoboa

Hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka. Andaa kibonge chenye urefu wa milimita 100, kimo cha 50 na upana wa 40, nyuzi za mti zikilala kufuata urefu wa digali. Zikisimama wima, digali itavunjika siku kiko kitakapodondoka. Hakikisha kwa skwea kwamba pande zimekutana sawasawa, na usizungushe kona yoyote kwa sasa. Jiliwa hushika vizuri ubavu ulionyooka, na ubavu huohuo ndio utakaokuonyesha drili inaelekea wapi.

Chora ubavuni mistari miwili. Wa wima uwe milimita 22 kutoka ncha ya mbele: huo ndio katikati ya bori. Wa mlalo uwe milimita 12 kutoka chini: huo ndio njia ya hewa. Kisha fuata mpangilio huu:

1. Anza ncha ya nyuma, kwenye mstari wa mlalo, katikati ya upana. Kwa biti ya milimita 8 toboa kina cha milimita 20. Hapa ndipo ulimi wa shilamu utakapokaa.

2. Ndani ya tundu hilo endelea na biti ya milimita 4 mpaka ufike chini ya katikati ya bori, yaani milimita 78 kutoka ncha ya nyuma. Biti ya kawaida ya ukubwa huo haifiki, kwa hiyo nunua ile ndefu. Izungushie selotepu kwenye alama ya kina. Biti ndefu hupenda kukengeuka: isukume kidogo, ichomoe itoe vumbi, uirudishe. Kama drili unaishika kwa mkono, mtu mwingine asimame ubavuni akuangalizie kama iko sawa na mstari.

3. Geuza kibonge, utoboe bori kutoka juu kwa biti bapa ya milimita 19. Kabla ya hapo iondolee ile ncha yake kali kwa grainda au tupa, uichonge iwe na mviringo kama kitako cha yai. Ncha ikibaki itachimba shimo chini ya njia ya hewa, na kwenye shimo hilo tumbaku itabaki mbichi na maji ya moshi yatatuama. Kwa kuwa biti haina tena ncha ya kuishika katikati, anzia kwenye kitundu kidogo cha mwongozo na uende taratibu.

Shuka mpaka njia ya hewa ionekane, kisha endelea kidogo tu, hadi chini ya bori na chini ya njia viwe usawa mmoja. Kina kitakuwa karibu milimita 40, na chini patabaki milimita 10 za mti. Hiyo ndiyo sababu ya kutoboa njia ya hewa kabla ya bori: macho yanakuambia mahali pa kusimama.

Pitisha waya laini kutoka nyuma. Uingie kwenye bori bila kukwama. Puliza, kisha vuta. Hewa ipite bila kupiga mluzi.

Shilamu

Ukipata shilamu ya eboniti iliyo tayari, kazi ni kupunguza ulimi wake hadi uingie. Mimi napenda ncha ya pembe ya ng'ombe, ile sehemu isiyo na uwazi ndani. Ichemshe na uisafishe, iache ikauke, kisha uitoboe ikiwa bado nene, kwa biti ya milimita 3. Baada ya hapo chonga ulimi wa milimita 8 upande mmoja, na upande wa mdomo ulaze kwa tupa mpaka ubaki unene wa milimita 5, ukiacha ukingo mdogo wa kushikwa na meno. Vaa barakoa, kwa kuwa vumbi la pembe, sawa na la mbao ngumu, si la kuvuta.

Ulimi ukaribie kugusa mwisho wa tundu lake. Ukiwa mfupi, nafasi inayobaki hukusanya maji, na kiko hukoroma kila ukivuta.

Kuchonga na kung'arisha

Sasa chukua msumeno uondoe kona, kisha tupa ya mbao, kisha kisu. Umbo ni lako, ila vipimo hivi vilinde: ukuta wa bori usipungue milimita 8, na digali isiwe nyembamba kuliko milimita 18. Pima mara kwa mara.

Piga msasa namba 80, 150, 240 na 400. Kabla ya ule wa mwisho pangusa kiko kwa kitambaa chenye maji kidogo, nyuzi zisimame, ukiache kikauke, ndipo upitishe msasa. Usiguse ndani ya bori kwa vanishi wala gundi. Nje pia vanishi nene siipendi, kwa sababu joto huifanya itoe malengelenge. Nta ya nyuki inapatikana kwa urahisi, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo hunata kiko kikipata moto. Nta ya karnauba huvumilia zaidi ya nyuzi 80. Ukiipata, tumia hiyo, na uisugue kwa kitambaa kikavu kwa nguvu.

Moto wa kwanza

Ukuta mpya wa bori unahitaji kinga. Saga mkaa safi wa kuni uwe unga laini, uchekeche, uchanganye na mtindi mzito, kisha upake ndani tabaka jembamba, ukiwa umeziba njia ya hewa kwa kijiti. Acha ukauke siku mbili tatu. Mara za mwanzo jaza theluthi tu ya bori, moto uwe mdogo. Taratibu utajijenga ukoko wa kaboni. Ukifika unene wa milimita moja, usiukwangue wote: huo ndio unaoukinga mti.

Kikishatumika, kipumzishe siku nzima kikauke, na usichomoe shilamu kikiwa na moto. Mti uliopanuka kwa joto hupasuka hapo.

Kuhusu tumbaku yenyewe nitasema wazi. Moshi wa kiko huleta saratani ya kinywa na ya mapafu, hata kwa asiyeumeza. Simshawishi mtu yeyote aanze. Wengi wanaoniomba maelekezo wanamtengenezea babu au bibi aliyezoea kiko tangu ujana, na wengine wanapenda useremala tu. Kiko kinachokaa rafuni bila kuwashwa kimemfundisha fundi wake yaleyale.

Kama drili bado inakutetemesha mkono, chukua kwanza kipande chochote cha kuni ngumu ufanyie hatua zile tatu za kutoboa, kisha ukipasue katikati kwa msumeno. Utaiona njia yote ya hewa, kama imenyooka na kama imekutana na chini ya bori. Ikishakutana, chukua mzeituni wako na uanze.