Ng'ombe Wanywe Nje ya Mto

Ndugu mfugaji, ng'ombe wakiingia mtoni kunywa, huacha mkojo na kinyesi humo humo, na kwato zao hubomoa ukingo. Tope linalobaki hupendwa na konokono wanaoeneza minyoo bapa ya ini. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, viluwiluwi vyake hukulia ndani ya konokono, kisha hunata kwenye majani ya ukingoni na kuliwa na ng'ombe. Unatibu leo, wanaambukizwa tena pale pale. Na maji hayo ndiyo mama anachota ya kupikia uji wa mtoto.

Shirikianeni maboma kadhaa mjenge birika, mita 60 au zaidi kutoka ukingoni. Ndani ya mita hizo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli. Mwageni changarawe kulizunguka, la sivyo mtakuwa mmehamisha tope tu. Ukingo uacheni uote nyasi na matete, yachuje kinyesi kinachosombwa na mvua.

Kama birika bado, chagueni sehemu moja yenye mawe, chini ya pale watu wanapochota. Ng'ombe waingie kwa makundi madogo, wakishakunywa watolewe.

Dawa ya kupe ndiyo inayonisumbua zaidi. Nimewakuta vijana wakisuuza bomba la kunyunyizia mtoni. Dawa nyingi za kuogeshea huua samaki hata zikiwa kidogo. Suuzia mbali na mto, na maji ya kusuuzia wanyunyizie ng'ombe wale wale. Kopo tupu litoboe, mtu asilichotee maji.