Moyo Ukishindwa, Figo Nazo Huumia: Mambo ya Kujua Mgonjwa Wako Akilazwa

Mgonjwa amelazwa kwa sababu moyo wake haisukumi damu ipasavyo. Miguu imevimba, na akilala chali anakosa pumzi. Siku ya pili au ya tatu daktari anasema figo pia zina shida. Baadhi ya familia hudhani ni dawa zilizoharibu figo, na hutaka kumtoa mgonjwa hospitalini. Uamuzi huo unaweza kugharimu maisha.

Kwa nini figo huumia?

Mtu mwenye afya akiwa amepumzika, takriban moja kwa tano ya damu inayosukumwa na moyo hupitia kwenye figo. Moyo ukidhoofika, damu hiyo hupungua. Tena, damu inayorudi moyoni hukwama kwenye mishipa, figo hujaa na kushindwa kuchuja. Ndiyo maana daktari anaweza kuendelea na dawa ya kupunguza maji mwilini, kama furosemidi, hata vipimo vya figo vikipanda kidogo. Maji yakipungua, mara nyingi figo nazo hupata nafuu.

Familia isaidie vipi wodini?

• Pimeni mkojo na kuandika kiasi. Mgonjwa wa kilo 60 akikojoa chini ya mililita 180 kwa saa 6, mwambieni muuguzi mara moja.
• Ombeni apimwe uzito kila asubuhi.
• Ulizeni matokeo ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, na kama imepanda tangu alazwe.
• Msimpe dawa za kununua nje. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi hutumia kwa maumivu, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Kama alikuwa akizitumia, au alikunywa dawa za mitishamba, mwambieni daktari bila kuficha.

Akirudi nyumbani

Aendelee kujipima uzito na kupunguza chumvi. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku 3, miguu ikivimba au pumzi ikikatika, arudi hospitalini bila kungoja siku ya kliniki. Afanye hivyo pia akiharisha au kutapika sana, kwani huenda dawa zake zikahitaji kubadilishwa.

Asiache dawa kwa kuwa amepata nafuu. Aulize daktari kwanza.