Jino Lililozibwa Lataka Kutunzwa

Watu wengi hudhani ya kuwa jino likiisha kuzibwa limepona kabisa. Sivyo. Kizibo cha fedha na zebaki huweza kudumu miaka 10 hadi 15, au zaidi. Kile cheupe mara nyingi hakifiki huko. Ubovu huanzia ukingoni: pakifanya ufa mwembamba, vijidudu hupenya na kuliozesha jino chini kwa chini, pasipo maumivu, hata pengine halina budi kung'olewa. Kufungua chupa kwa meno, jambo ambalo vijana wengine huliona ushujaa, huvunja hata jino zima, sembuse lililozibwa. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Chakula kikianza kunasa pale, au ulimi ukigusa ncha kali, nenda upesi kwa daktari wa meno, ujapokuwa huumwi.