Mlango Ambao Kipindupindu Hakiugusi

Mji wa Palma, mkoani Cabo Delgado nchini Msumbiji, uliposhambuliwa Machi 24, 2021, maelfu ya watu walikimbilia upande wa rasi ya Afungi. Wengi walisongamana Quitunda, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya wenyeji waliohamishwa kupisha mradi wa gesi. Watu wakiwa wengi, vyoo vichache na maji ya shida, kipindupindu huwa hakiko mbali. Cabo Delgado inakijua: kimbunga Kenneth kilipiga Aprili 25, 2019, na mwanzoni mwa Mei ugonjwa ukatangazwa.

Familia nyingi zinajua kuwa anayeharisha hupewa maji ya chumvi na sukari. Wachache wameelezwa sukari inafanya nini humo, na ndiyo maana wengine huiacha au hutoa soda badala yake. Jibu limo katika utando wa seli.

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando wa tabaka mbili za mafuta, mwembamba kiasi cha nanomita 10 au chini yake. Mafuta hayo hayapitishi chumvi wala sukari. Vitu hivyo hupita kwenye protini zilizopenya utandoni, nazo ni kama milango, kila mmoja na wageni wake. Maji huelekea kule chumvi ilikokwenda.

Bakteria wa kipindupindu hawatoboi utumbo. Sumu yao hunata kwenye utando wa seli za utumbo, sehemu yake huingia ndani, kisha mlango wa kloridi hubaki wazi. Kloridi humwagika utumboni, sodiamu huifuata, na maji nayo. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa.

Lakini upo mlango mwingine ambao sumu hiyo haiugusi. Huo hupokea sodiamu na glukosi kwa pamoja. Kimoja peke yake hakipiti. Mwanabiokemia Robert Crane aliueleza mjini Prague mwaka 1960. Sukari ya kawaida huvunjwa utumboni ikatoa glukosi, glukosi huingia na sodiamu, na maji hurudi mwilini hata kama kuhara hakujakoma. Kwangu mimi, ni mojawapo ya maarifa yaliyookoa watoto wengi zaidi duniani.

Basi tumia pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, ambayo hospitali za Msumbiji huiita SRO: pakiti ya lita 1 ikorogwe katika lita 1 kamili ya maji safi. Pakiti ikikosekana, weka vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, katika lita 1. Usikisie. Sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, na hapo ndipo soda inapodhuru. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Dafu lina potasiamu nyingi, ila sodiamu yake ni ndogo, kwa hiyo halichukui nafasi ya ORS.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee. Anyonyeshwe kama kawaida. Mchanganyiko uliobaki umwagwe baada ya saa 24.

Macho yakididimia, mkojo ukikatika, au mgonjwa akilegea na kushindwa kunywa, anahitaji dripu. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, na kama bado anameza, endeleeni kumnywesha njiani.