Fiqhi ya Kujikinga: Chanjo ya Kipindupindu Kabla ya Mvua

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Mvua zikianza Juba, maji hutuama Gudele, Munuki na Gumbo, vyoo hufurika, na familia nyingi bado hunywa maji ya lori yaliyotekwa Mto Nile. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Mei 2014 mlipuko ulitangazwa hapa hapa Juba. Ulirudi 2015, kisha 2016. Ule uliotangazwa Oktoba 2024 ulianzia Renk, mahali wanapoingilia ndugu zetu wanaokimbia vita vya Sudan, ukafika Juba, na watu zaidi ya 1,000 wamefariki nchini.

Dawa ya kinga ipo, na hutolewa bure katika kampeni. Hata hivyo wapo Waislamu wanaofunga mlango wahudumu wa afya wanapopita, wakisema: "Mimi ni mzima, na ajali yangu iko kwa Allah." Somo letu leo ni kulipima neno hilo. Je, anayekunywa chanjo akiwa mzima amepungukiwa na tawakkul?

1. Kutoka kwenye qadar kwenda kwenye qadar

Mwaka wa 18 Hijria tauni iliingia Sham, ile iitwayo tauni ya Amwas. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda huko. Alipofika Sargh akapata habari, akawataka ushauri Muhajirina, Ansari na wazee wa Makuraishi, kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akajibu kuwa ndiyo, wanaikimbia qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa qadar ya Allah. Baadaye Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyoafiki uamuzi huo: tauni ikiwa katika nchi msiingie, na ikiwakuta humo msitoke kwa kuikimbia.

Tazama alivyofanya Umar. Hakuwa mgonjwa, wala hakusubiri mtu wake wa kwanza aanguke. Alichukua sababu mapema, na imani yake haikupungua. Ugonjwa ni qadar, na chanjo iliyofika mlangoni kwako ni qadar pia. Anayesema ajali yake iko kwa Allah amesema kweli. Kosa lake ni kudhani kwamba kinga iko nje ya qadar hiyo.

2. Dawa kabla ya ugonjwa

Wengine husema tumeamrishwa kujitibu tukiugua tu. Lakini katika Sahihi Bukhari, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayekula tende saba za ajwa asubuhi hatadhuriwa siku hiyo na sumu wala uchawi. Mlaji wa tende hizo ni mtu mzima anayejikinga na jambo ambalo bado halijamfika. Sheikh Ibn Baz ni miongoni mwa waliotumia hadithi hii kujibu swali la chanjo, akaona hakuna ubaya kujikinga nayo.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilikwenda mbali zaidi. Lilisema kujitibu huwa wajibu ikiwa kuacha kunaleta kifo, au ugonjwa wenyewe huambukiza wengine, na kwamba kiongozi anaweza kulazimisha tiba katika baadhi ya hali, zikiwemo chanjo za kinga.

Kila mwaka mahujaji wetu hunyoosha mkono kwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo kabla ya kupewa viza ya Saudi Arabia, wala hatujasikia mtu akisema hija yake ina upungufu wa tawakkul. Chanjo tunayoikubali kwa safari ya Makka, kwa nini tuitilie shaka ikiletwa Malakia?

3. Haki ya jirani

Aliyeambukizwa kipindupindu anaweza kutembea bila dalili yoyote huku akitoa vijidudu chooni. Choo kikifurika, vijidudu hivyo huingia kwenye ndoo ya jirani. Kanuni ya fiqhi inasema madhara huondolewa, na wajibu wa kuyaondoa hauanzi siku jirani atakapokufa. Kwa hiyo uamuzi wako wa kunywa au kutokunywa unawagusa mama wa jirani na watoto wake.

4. Tuwaambie watu ukweli

Atakayewahimiza wengine ajue anachosema, asizidishe wala asipunguze.

Chanjo hii ni maji kidogo, hayajai hata kijiko cha chai, na hunywewa. Ndani yake mna bakteria wa kipindupindu waliouawa. Hawawezi kumpa mtu ugonjwa. Wapo wanaoogopa kwamba hukata uzazi. Waambie inafundisha utumbo kumtambua adui, haina kazi na kizazi, na wajawazito nao hupewa. Hutolewa kuanzia umri wa mwaka mmoja.

Dozi moja hukinga kwa miezi sita au zaidi. Dozi mbili hukinga kwa miaka kama mitatu. Tangu Oktoba 2022 kampeni za mlipuko duniani hutoa dozi moja kwa sababu chanjo ni chache. Ushahidi mkubwa wa nguvu ya dozi moja ulipatikana Juba yenyewe, katika kampeni ya 2015: utafiti ulionyesha iliwakinga wengi walioinywa. Basi dozi ya mwaka juzi isikufanye ukatae ya mwaka huu.

Hata hivyo chanjo si kinga kamili. Maji yachemshwe au yatiwe klorini, na mikono ioshwe kwa sabuni. Anayeharisha maji mfululizo apewe maji ya chumvi na sukari, akimbizwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, kwa sababu kipindupindu huweza kuua ndani ya saa chache.

Na kampeni ikiangukia Ramadhani? Chanjo ya kunywa hufunguza, basi inywewe usiku. Kamati ya msikiti iwaombe wahudumu waje baada ya futari. Ama sindano isiyo ya lishe, Baraza hilo hilo lilisema mwaka 1997 kwamba haifunguzi.

5. Kazi yetu

Mzee wa mtaani hatasoma tangazo la wizara. Atamsikiliza mtoto wa jirani aliyesoma, akija na adabu, akikaa mkekani na kuzungumza Kiarabu cha Juba, Kibari au Kiswahili. Tusimcheke anayeogopa, tumsikilize kwanza, kisha tumjibu. Tuzungumze na imamu khutba iguse jambo hili mapema. Na sisi tunywe mbele ya watu, ili maneno yetu yawe na uzito.

Maswali ya darsa

1. Umar (r.a.) alitaka ushauri wa makundi mangapi kabla ya kuamua? Hilo linatufundisha nini kuhusu kuwauliza madaktari?
2. Mama anakataa kwa sababu mwanawe aliharisha baada ya chanjo nyingine. Utaanza kumjibu wapi?
3. Ni nani katika mtaa wako ambaye neno lake likitoka, watu hufuata? Nani kati yetu atakwenda kwake kabla ya Ijumaa ijayo?

Ewe Mola wetu, tukinge na maradhi mabaya, uwaponye wagonjwa wetu, uwarehemu waliotutangulia, na utujaalie tuwe sababu ya kheri kwa majirani zetu. Amin.

Wallahu a'lam.